Waliopewa Unga

Asubuhi hiyo Shangazi alikataa kuwaka mara mbili, na Edina Chaula, ambaye kazi yake ilikuwa kumwasha, alijikuta anaomba akatae na mara ya tatu.

Akawaka. Taa ya kijani ikapepesa, sahani nyeupe ikaanza kupata joto, na ile sauti ya kike isiyojua mafua wala uchovu ikasema, “Niko tayari kwa mtu wa kwanza.”

“Wewe uko tayari,” Edina akajibu, huku akijifunga shuka la pili kiunoni. “Mimi je, umeniuliza?”

Kwenye karatasi za serikali mashine hiyo iliitwa Kisoma Nasaba Namba Nne. Kambi nzima ya Kitulo ilishaibatiza Shangazi tangu wiki ya kwanza, kwa kuwa inajua nani ni mtoto wa nani na haina haya ya kulisema mbele za watu. Unaweka kidole kwenye sahani, inakudonoa tone la damu, inalilinganisha na damu za walio hai na mifupa iliyochimbuliwa makaburini kabla barafu haijayafunika, kisha inapekua vitabu: vya makanisa, vya mabwana wa zamani, vya meli. Dakika nne hazijaisha, imekwambia umetoka wapi na jina lako lilikuwa na maana gani. Edina alikuwa ameikalia miaka sita. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na saba, magoti yanamuuma kila ukungu ukishuka, na Kitulo ukungu unashuka kila siku ya Mungu.

Watu wenyewe aliowasoma ni Wakaskazini. Mkondo wa bahari yao ulisimama miaka kumi na mitano iliyopita, visiwa vyao vikageuka barafu tupu, nao wakaletwa huku juu kwa kuwa ndiko pekee ambako sweta zao hazikuchekesha watu. Walilima viazi, wakafuga kondoo, wakajifunza kunywa ulanzi, pombe ya mianzi, na kulalamika kwamba si mkali vya kutosha. Watoto wao sasa wanaongea Kiswahili chenye lafudhi ya Kikinga, kama wenyeji. Halafu ikaja sheria ya kuwapa ardhi ya kudumu, na mtu fulani huko mjini, ambaye bila shaka hajawahi kula nao hata kiazi kimoja, akaamua kwamba ili wasigombane wagawanywe kwa damu: Waseltiki, watu wa asili wa visiwa, Bonde la Kwanza, hapa hapa Kitulo; Wanorsi, wazao wa mabaharia wa kaskazini zaidi, Bonde la Pili, ng'ambo ya milima, safari ya siku mbili.

Mtu wa kwanza alikuwa bwana mmoja mwekundu, mnene, aitwaye MacLeod.

“Jina lako lina maana ya mwana wa Ljot,” Shangazi akasema. “Neno la kwanza ni la Waseltiki, yaani mwana wa. La pili ni la Wanorsi. Ljot ni mtu mwenye sura mbaya.”

“Ati nini?”

“Anamsema babu yako wa thelathini,” Edina akamtuliza. “Si wewe.”

“Mama Chaula, nakuomba sana, mke wangu asisikie. Nitateswa mpaka kufa.”

Edina akacheka, kwa mara ya kwanza wiki hiyo. Damu ya bwana huyo ilikuwa ya Kiseltiki kwa sehemu kubwa, akagongewa muhuri wa Bonde la Kwanza, akatoka akijishika uso.

Waliofuata walikuwa Bibi Effie MacAulay na mjukuu wake Ishbel, na Edina akajiweka sawa kitini, kwa maana kambini hapakuwa na mtu aliyeheshimika kuliko bibi huyo. Alikuwa na miaka sabini na tisa, mgongo wima, skafu ya sufu kichwani. Ishbel alikuwa na kumi na mitano, mrefu, na mikono yake ilikuwa na udongo wa viazi ambao maji baridi yameshindwa kuutoa.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwanangu. Hiyo mashine yako nitaiheshimu, lakini kwanza itanisikiliza mimi.”

Edina alijua kinachokuja. Watu wa visiwa vya bibi huyo hawajitambulishi kwa jina moja. Wanataja mzazi, na mzazi wa mzazi, mpaka pumzi iishe. Edina hakuona ajabu yoyote, kwani yeye mwenyewe alikua akiitwa Edina wa Zakaria wa Fungameza. Bibi akafumba macho. “Effie wa Murdo. Murdo wa Iain. Iain wa Angus. Angus wa Seonaid,” akaanza, na akaendelea kupanda, polepole, bila kukwama, mpaka, “Kenneth wa Donald. Donald wa Olaf.”

Olaf alikuwa bwana aliyekuja na meli kutoka Unorsi akaoa kisiwani, na ndiye aliyelala ndani ya jina MacAulay, mwana wa Olaf. Likitajwa jina lake, watu husimama. Ishbel alikuwa amesimama tayari, akanyoosha mabega. Wazee wawili waliokuwa kwenye foleni wakainuka na kuvua kofia. Edina hakusimama, kwa sababu ya magoti, na kwa sababu ukoo huo haukuwa wake.

“Haya,” bibi akasema. “Sasa idonoe.”

Shangazi akamdonoa bibi, kisha binti. Dakika nne zikapita. Taa ikageuka nyekundu.

“Effie MacAulay, Bonde la Kwanza,” Shangazi akasema. “Ishbel MacAulay, damu ya Kinorsi, Bonde la Pili. Hawa wawili hawana undugu.”

Foleni nzima ilisikia. Jamani, hata sauti ya kunong'ona hawakumpa mashine huyo! Bibi Effie alikuwa kama mtu aliyemwagiwa maji. Ishbel aliangalia mikono yake.

“Nilimtoa kwenye meli,” bibi akasema hatimaye, kwa sauti ndogo. “Mama yake alifariki siku ya pili. Alikuwa na wiki tatu. Ulitaka nimuache?”

“Hapana, bibi. Sikutaka.”

“Basi gonga muhuri wako twende.”

Edina hakugonga. Akaweka muhuri kwenye droo, akawaambia waende nyumbani wakasubiri.

*

Mratibu wa kambi, Asukile Mwakalinga, alikuwa kijana mzuri wa miaka thelathini na nne, mwenye fulana ya ofisi iliyopigwa pasi hata siku za mvua. Alimkaribisha Edina chai ya tangawizi kabla ya kumwambia asichotaka kusikia.

“Mama, sheria unaijua kunizidi. Kaya ni damu. Mtoto hajafika miaka kumi na minane, hana ndugu wa damu, anakwenda bweni la Bonde la Pili. Kikao cha mwisho ni leo saa tisa. Malori yanaondoka kesho.”

“Kifungu kinaendelea, baba. Umekikatia njiani.”

Asukile akashusha pumzi. “Pasipo damu, desturi ya ukoo iliyoonekana mara tatu au zaidi. Sawa. Watu elfu nne umewasoma, nani ameshathibitisha hiyo desturi? Hakuna hata mmoja.”

“Kwa sababu hatujawahi kutafuta. Tunamdonoa mtu, tunagonga, tunasema mwingine aje. Nipe Shangazi mpaka saa tisa, nifanye usomaji mrefu.”

“Foleni je?”

“Foleni ile imesubiri miaka kumi na mitano. Itakula chakula cha mchana.”

Asukile alimtazama. “Mama Chaula, ni yule mzee tena?”

Ni kweli, alikuwa ni yule mzee. Ranald aliitwa. Miaka mitatu nyuma alikuja kuuliza maana ya jina lake tu, kwa udadisi, na Shangazi akamwambia na mengine: vijana wake wawili si damu yake. Edina akagonga muhuri kama ilivyoandikwa. Vijana wakapelekwa ng'ambo. Ranald akawa anakaa kwenye ngazi ya nyumba yake, uso kaelekeza barabarani, mpaka alipozikwa mwezi wa saba. Tangu hapo Edina alichoka kwa namna ambayo likizo haitibu. Alishaambiwa kwamba ukweli haukuwa kosa lake, na maneno hayo hayakumsaidia lolote.

“Mpaka saa tisa,” Asukile akasema, akamwongezea chai.

Usomaji mrefu hauendi mbio. Shangazi alipaswa kuchukua kila jina alilolitaja bibi, kulitafuta vitabuni, kisha kutafuta mfupa au jamaa wa mfupa, kuona kama damu imefuata jina. Edina alikula kiazi cha kuchoma huku majina yakipanda kwenye kioo. Murdo, damu imefuata. Iain, imefuata. Angus, imefuata. Kwa Seonaid ikakatika.

Edina akaacha kutafuna.

“Seonaid,” Shangazi akasoma kitabu cha kanisa, “mtoto wa kike, kakutwa kwenye nyumba iliyochomwa moto siku watu walipofukuzwa mashambani. Norman MacAulay kampa unga, kampa jina.”

Ikapanda tena, ikakatika tena kwa mmoja aitwaye Torquil, mtoto wa mvuvi aliyezama. Kampa unga, kampa jina. Na mwisho kabisa, pale bibi alipotamka Donald wa Olaf kwa macho yaliyofumba, kitabu cha bwana mmoja wa kisiwa kilisema: Donald, mtu asiye na ukoo, alikuja na njaa. Kapewa kipimo kimoja cha unga wa shayiri, kapewa jina letu, na jina letu amelipokea.

“Mungu wangu,” Edina akasema peke yake.

Mara tatu. Kifungu kilitaka mara tatu, na hizi hapa tatu. Ishbel angeweza kubaki. Lakini ushahidi wa desturi husomwa hadharani, mbele ya watu wa bonde, ili anayepinga apinge, na mwenye nasaba lazima aridhie kwa kinywa chake. Na ushahidi wenyewe ulikuwa unasema kwamba Bibi Effie, ambaye watu husimama akitaja ukoo wake, hana hata tone moja la Olaf.

Unaweza kumnyamazia, Edina akawaza. Muhuri uko kwenye droo. Unagonga, binti anakwenda bwenini, bibi anabaki na Olaf wake na hajui kamwe. Au unamwambia, na unamtengeneza Ranald mwingine. Alifunika uso kwa viganja. Viganja vilinuka mkaa na kiazi.

Kisha akajifunga mashuka yake yote mawili akatoka.

*

Bibi Effie hakumkaribisha kiti. Nyumba ya mbao ilikuwa safi, jiko linawaka kidogo, na ukutani palitundikwa kitambaa kilichotariziwa majina yote kumi na matatu, Olaf juu kwa uzi mwekundu. Edina alisimama na kusema yote, bila kuzunguka, kwa sababu alijua akizunguka atashindwa. Alimaliza. Kuni zililia jikoni.

“Umekuja kuniambia mimi si mtu,” bibi akasema.

“Nimekuja kukuambia huna damu ya Olaf, bibi. Mengine sijasema.”

“Kisiwa kimekufa. Kanisa limekufa. Mume wangu amelala chini ya barafu na sijui hata ni wapi. Nimebaki na nini, mwanangu? Nimebaki na Olaf! Kila mwaka mpya nasimama pale ghalani nawataja, na watu wazima wanasimama, na mimi naona bado tupo. Sasa unataka nikasimame pale pale niwaambie babu yangu alikuwa ombaomba?”

“Sitaki chochote. Ukikataa, nitafunga kitabu. Hakuna atakayejua.”

“Na Ishbel?”

“Malori yanaondoka kesho,” Edina akasema, na bibi akaelewa.

Mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Ishbel alisimama hapo na debe la maji, na ilikuwa dhahiri ameshakaa hapo muda mrefu, kwa maana maji yaliyomwagika kwenye debe yalikuwa yameshalowesha kizingiti.

“Bibi, usiende,” akasema. “Ni miaka mitatu tu. Nikitimiza kumi na minane nitarudi. Usiende kuwaambia.”

“Wewe nyamaza. Hujui tunaongea nini.”

“Najua kila kitu. Nilijua tangu darasa la tatu kwamba sikuzaliwa kwenu.”

“Nani alikuambia? Nani ana mdomo huo?”

“Kioo, bibi. Nina macho.” Akaweka debe chini. “Nilikuwa nasimama kwa ajili ya Olaf kwa sababu ulifurahi. Basi. Acha nikusaidie na hili.”

Bibi Effie alikaa kitandani ghafla. Alionekana mdogo, na kwa mara ya kwanza Edina aliona uzee wake wote kwa pamoja. Edina alijiona mchawi. Alitaka kurudi kwenye kile kibanda, amzime Shangazi, aichukue hiyo mashine akaitupe kwenye bwawa la kondoo.

“Hatusomi bila ridhaa yako,” akasema. “Mimi nakwenda. Samahani sana, bibi.”

Alikuwa ameshika komeo bibi alipomwita.

“Huyo Donald. Alipewa unga kiasi gani?”

“Kipimo kimoja. Sijui ni debe au nusu debe.”

“Unga wa nini?”

“Shayiri.”

Edina akafunga mlango taratibu.

*

Ghala la viazi lilijaa kabla ya saa tisa. Wakaskazini walikaa kwenye magunia na makreti, pua nyekundu, watoto mapajani. MacLeod alikuwa mstari wa mbele na mkewe, ambaye kwa jinsi alivyokuwa anacheka pembeni, habari ya Ljot ilishamfikia. Asukile alisimama mezani na orodha. Edina aliketi kando yake, na Shangazi kafunikwa kitambaa.

Orodha ikasomwa. Watu wakaitikia mmoja mmoja. Ilipofika kwa MacAulay, hakuna aliyeitikia.

“Effie MacAulay,” Asukile akarudia. “Ishbel MacAulay.”

Asukile akamgeukia Edina kwa macho ya huruma, akachukua kalamu. “Ishbel MacAulay, Bonde la—”

“Ngoja, kijana!”

Bibi Effie alikuwa mlangoni, anahema, Ishbel nyuma yake akimvuta mkono kama anayemzuia. Bibi alikumbatia kopo kubwa la bati. Watu walimpisha. Akatembea mpaka mezani, akaliweka kopo juu ya karatasi za serikali.

“Sina shayiri,” akasema. “Nina sembe. Itafaa?”

Asukile hakuelewa hata kidogo. Edina alielewa. “Itafaa, bibi,” akasema.

“Kinga khanga yako,” bibi akamwambia Ishbel.

“Bibi, tafadhali…”

“Kinga, nimesema!”

Ishbel akakinga upande wa khanga yake. Bibi akamimina unga wote, na unga ukapanda hewani ukamkaa binti kwenye nyusi na puani, naye akaanza kulia bila kuficha. Kisha bibi akawageukia watu. Wengine walikuwa wameshaanza kujiweka sawa, maana walimjua, na walijua anapofumba macho kinachofuata ni nini. Safari hii hakuyafumba.

“Ishbel wa Effie, kapewa unga,” akaanza. “Effie wa Murdo. Murdo wa Iain. Iain wa Angus. Angus wa Seonaid.” Akamtazama Ishbel. “Seonaid wa Norman, kapewa unga, maana nyumba yao ilichomwa.”

Mnong'ono ukapita ghalani. Mzee mmoja akatikisa kichwa kwa nguvu, kana kwamba bibi amekosea na anataka kumkumbusha. Bibi alimwona, akaendelea. Akamtaja Torquil, mtoto wa mvuvi, kapewa unga. Akapanda jina kwa jina mpaka alipofika juu, pale ambapo miaka yote alikuwa akiongeza sauti, na hapo akaishusha.

“Kenneth wa Donald,” akasema. “Donald hana baba tunayemjua. Alikuja na njaa, wakampa unga, wakampa jina. Ndiyo mwisho. Olaf si wetu kwa damu, na sitamtaja tena kwa kujidai.”

Akasimama pale, mikono mitupu, akingoja.

Hakuna aliyejua la kufanya. Wanasimama kwa ajili ya Olaf, na Olaf alikuwa ametolewa kwenye ukoo. Walitazamana. Wale wazee wawili wa asubuhi walishika kofia zao magotini. Mke wa MacLeod alikuwa ameacha kucheka. Bibi Effie aliwaangalia watu wake waliokaa, uso mmoja baada ya mwingine.

Edina Chaula akaweka viganja viwili mezani, akajisukuma. Goti la kulia likalia, la kushoto likakataa, akalilazimisha. Kwa miaka sita hakuwahi kusimama kwenye nasaba ya mtu yeyote. Alisimama.

“Mratibu,” akasema, “andika desturi imeonekana mara tatu.”

“Nne,” Asukile akasema, akitazama unga uliotapakaa kwenye orodha yake. Naye akainuka.

Ghalani kreti likasogea, na jingine, na gunia likaanguka. Edina hakumwondolea bibi macho ili aone ni akina nani waliosimama. Bibi alikuwa ameanza tena kutoka mwanzo, Ishbel wa Effie, kapewa unga, na magoti yalimuuma Edina vibaya sana, akabaki amesimama hivyo hivyo mpaka bibi alipofika kwa Donald.